Vanadi ya Liganga si takataka ya chuma

Mjadala wa Liganga, wilayani Ludewa mkoani Njombe, huanza na kuishia kwenye tani za chuma. Tani zipo, lakini miamba hiyo ina pia titani na vanadi. Nashikilia kwamba vanadi, japo ni chache, ndiyo inayopaswa kuamua mtambo wa aina gani ujengwe. Uzito wa hoja hiyo unaonekana vizuri katika aloi ya chuma na kobalti. Zikichanganywa nusu kwa nusu, sumaku yake hufikia tesla 2.4 hivi, ilhali chuma kitupu hukomea karibu 2.15, ndiyo maana hutumika kwenye jenereta za ndege, ambako kila kilo ina gharama. Juu ya nyuzi 730 hivi za Sentigredi, atomu zake hukaa shaghalabaghala kama mbegu za kutawanya kwa mkono. Joto likishuka hujipanga: chuma kwenye pembe nane za mchemraba, kobalti katikati. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, lakini aloi sasa ni tete, na bamba lake hupasuka likipitishwa kwenye roli likiwa baridi. Metali hupinda kwa safu za atomu kuteleza, na hapa kila mtelezo unavuruga mpangilio, kwa hiyo safu hugoma. Dawa yake ilikuwa vanadi, asilimia 2 hivi. Huchelewesha atomu kujipanga, kiasi kwamba bamba likitolewa motoni na kuzamishwa kwenye maji ya chumvi yenye barafu, hupoa kabla hazijapata wasaa, nalo hukubali kubanwa hadi unene usiofika milimita 1.

Atauliza mtu: hayo yanaihusu nini Njombe, wakati kobalti ni ghali na transfoma zetu ni za chuma chenye silikoni? Ni kweli, na simwombi mtu ajenge kiwanda cha jenereta za ndege Makambako, ingawa malori yenye kobalti ya Kongo hupita hapo yakitoka Tunduma kwenda Dar es Salaam. Vanadi nyingi duniani huishia kwenye feleji, hasa ya ujenzi, zikiwemo nondo. Humo huungana na kaboni na nitrojeni kuwa chembe ndogo mno zinazozuia safu zisiteleze, na nondo ikapata nguvu. Kule inalainisha, huku inakaza. Nafasi ya atomu ndiyo inayoamua.

Pingamizi zito zaidi ni la titani, kwani hufanya taka za tanuri kuwa nzito na uyeyushaji kuwa mgumu. Lakini Panzhihua, China, wameyeyusha miamba ya aina hii kwa miongo mingi. Hupuliza oksijeni kwenye chuma kilichoyeyuka, vanadi ikahamia kwenye taka, nao huzikusanya kabla ya hatua inayofuata. Mtambo usio na hatua hiyo utaizika vanadi kwenye jalala la Ludewa. Kwa hiyo mkataba wa Liganga utaje kiasi cha vanadi kitakachookolewa kwa kila tani ya mwamba, na maabara ya kukipima.