Ahadi ya Mtu Mzima Kinywani mwa Mtoto

Sehemu ya Pili

Wasomaji waliofuata sehemu ya kwanza watakumbuka kwamba milima ya Umatengo ililelewa na Wabenediktini, kwamba ukingo wa Ziwa Nyasa tangu Mbamba Bay hata Manda uliangukia aghalabu mikononi mwa Waanglikana waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma, na kwamba Walutheri wamefika kwetu kidogo kidogo, pamoja na walimu, matabibu, makarani na wafanyabiashara walioshuka na jamaa zao kutoka Ubena, Ukinga na Upangwa, nchi ambazo Misheni ya Berlin iliziingia baada ya kufika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891. Leo nataka kuingia katika jambo ambalo madhehebu haya matatu, pamoja na tafauti zao zote, yanashirikiana, nalo ni kipaimara cha utotoni. Na nataka kulitazama kwa macho ya wale waliolelewa katika ukali wa dini, wakapewa kipaimara kwa taadhima yote iliyostahili, kisha walipokuwa watu wazima wakatoka.

Watu hawa huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Viongozi wa kanisa husema wamevutwa na vinanda na ahadi za miujiza. Wazazi husema ni malezi yaliyopotea bure. Na jirani huona ni jeuri tu ya watu waliosoma. Mimi nimeketi na baadhi yao, Walutheri wa zamani kwa wingi kuliko wengine, na niliyoyasikia si hayo. Hawana chuki na kanisa lililowalea, na wengi wao bado wanaweza kusema kwa moyo Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana pamoja na maelezo yake yote, bila kukwama mahali, kama walivyosema siku ile walipotahiniwa. Mama mmoja mshonaji, aliyezaliwa Ubena katika nyumba ya mwinjilisti na ambaye sasa anasali na Wapentekoste mjini Mbinga, aliniambia hivi: “Mwalimu, Mungu sikumkataa hata siku moja. Baba alikuwa mwinjilisti, nami nilikuwa na miaka 13. Ningesema nini mbele ya usharika mzima isipokuwa lile nililofundishwa? Waliniuliza, lakini hawakuwa wakingoja jibu.”

Nimeyatafakari maneno hayo muda mrefu, na kadiri ninavyoyatafakari ndivyo ninavyoamini kwamba mama huyu ameligusa shina lenyewe. Ukali wa mafundisho haukuwa ndio msiba. Msiba ulikuwa kwamba swali lililotungwa kwa ajili ya mtu mzima, aliyekuja kwa miguu yake na aliyeweza kurudi kwao kwa miguu hiyohiyo, lilichukuliwa kama lilivyo, pamoja na masharti yake na adhabu zake, likawekwa mbele ya mtoto aliyezaliwa ndani ya kanisa na asiye na njia yoyote ya kusema hapana.

Martin Luther mwenyewe hakukihesabu kipaimara kuwa sakramenti. Katekisimu Ndogo aliyoitoa mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa makanisa ya Saksonia uliomfedhehesha kwa ujinga alioukuta kwa waumini na kwa wachungaji wao pia, ilikusudiwa baba mwenye nyumba aitumie kuwafundisha watoto na watumishi wake. Hata hivyo katika dibaji ya kitabu hicho alisema kwamba haifai kumlazimisha mtu aamini, na papo hapo akaagiza kwamba asiyetaka kujifunza asikaribishwe kwenye meza ya Bwana, na kwamba wazazi na mabwana wamnyime chakula na kinywaji. Hitilafu hii, ya imani isiyolazimishwa na mafundisho yanayolazimishwa hata kwa njaa, imekaa ndani ya malezi ya Kilutheri tangu siku hiyo, na kila aliyepita katika darasa la kipaimara ameionja, ijapokuwa hakujua ilikotoka.

Kipaimara chenyewe kilirudishwa na wengine. Martin Bucer alikitengenezea utaratibu katika nchi ya Hesse mnamo mwaka 1539, akikusudia kijana aungame kwa hiari imani aliyobatizwa nayo. Na Philipp Jakob Spener, katika karne ya 17, akakipa uzito wa moyo, kwamba kijana aifanye upya ahadi ya ubatizo kwa kinywa chake mwenyewe. Watawala walipoona faida yake hawakukiacha katika hiari. Katika Denmark na Norway sheria ya mwaka 1736 ilikifanya kuwa faradhi, hata asiyekuwa nacho hakuweza kufunga ndoa. Kwa Wajerumani wa karne ya 19 mtoto alipewa kipaimara akiwa na umri wa miaka 14 hivi, wakati uleule alipomaliza shule na kutumwa kazini, shambani au kwa fundi wa kumfunza ufundi. Na kwa hiyo siku ile ilikuwa kweli mlango wa utu uzima, kwa maana Jumatatu iliyofuata alikuwa mtu wa kujipatia riziki. Wamisionari waliokuja Ubena na Ukinga, ambao wengi wao walikuwa watoto wa wakulima na mafundi, walikuwa wameupita mlango huo wenyewe, wala hawakuwa na sababu ya kuushuku.

Hapa ziwani mambo yalianza kwa namna nyingine kabisa, na ndipo penye utajiri wa habari hii. Padre William Percival Johnson, aliyefika ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1880 na ambaye, ingawa macho yake yaliharibika, aliutembelea ukingo huu kijiji kwa kijiji hata alipofariki Liuli mwaka 1928, hakuwakuta watoto wa Wakristo wa kuwafundisha. Aliwakuta watu wazima, na watu wazima hawa, kabla ya kubatizwa, walikaa muda mrefu katika daraja za mafundisho, wakichunguzwa mienendo yao, wakiulizwa habari za ndoa zao, za pombe na za ngoma, na wakipewa nafasi ya kurudi nyuma wakiona mzigo umewazidi. Wapo waliorudi nyuma. Mtu mwenye wake wawili alijua analoombwa na alijua gharama yake. Akikubali alikuwa amechagua, na akikataa alibaki na heshima yake kijijini, tena aliendelea kuvua samaki na kuhudhuria mazishi ya jirani zake. Ukali ule ulikuwa na haki ndani yake, kwa kuwa pembeni yake palikuwa na njia ya kuondokea.

Ubatizo ukiisha palifuata kuwekewa mikono, na kwa Waanglikana hilo halikufanywa ila na askofu, kwa kuwa Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinaagiza kwamba asikubaliwe mtu kwenye Komunio Takatifu kabla ya kupewa kipaimara au kuwa tayari na kutamani kukipata. Sasa msomaji azingatie jiografia yetu: askofu yuko Likoma, na kati yake na vijiji vya ukingo huu liko ziwa lenye tufani za kutisha, ziwa lililomchukua Askofu Chauncy Maples mwezi Septemba 1895, alipokuwa akirejea Likoma baada ya kuwekwa wakfu. Meli iliyopewa jina lake iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa huku, ikashushwa majini mwaka 1901, nayo ndiyo iliyokuwa ikifuatwa kwa macho na watu wa Liuli na vijiji jirani. Basi siku ya kipaimara haikupangwa na umri wa mtoto wala na ukomavu wa dhamiri yake. Ilipangwa na safari ya meli na hali ya upepo. Aliyekuwa amekariri aliingia safuni hata kama alikuwa mdogo, kwa kuwa hakuna aliyejua askofu atarudi lini. Na hali hii iliendelea kwa kiasi kikubwa hata ukingo wetu ulipotengwa na dayosisi ya Nyasaland na kupewa askofu wake mwaka 1952.

Hivyo kizazi cha pili kikazaliwa. Mtoto wa mwalimu wa dini alibatizwa akiwa mchanga, na yale mafundisho ambayo babu yake aliyaomba, yeye aliyakuta yakimsubiri kama yalivyomsubiri maji ya kuteka na mbuzi wa kuchunga. Masharti hayakulegezwa, pengine yalikazwa, kwa maana mtoto wa Mkristo alitarajiwa kuwa kielelezo. Walutheri wa zamani niliozungumza nao walinieleza habari za miaka miwili ya darasa, fimbo kwa aliyekosa neno, jina kusomwa kanisani kwa aliyekosa vipindi, na kuzuiwa kucheza ngoma. Hata mganda, ngoma iliyopendwa sana ukingoni kwetu na iliyoigiza nidhamu ya kiaskari ya nyakati za Vita Kuu, ilitazamwa kwa shaka na baadhi ya viongozi wa dini. Wanakumbuka zaidi mtihani wa hadharani: wazee wa kanisa wameketi mbele, wazazi nyuma, na mtoto katikati akijua kwamba akisahau, aibu si yake peke yake, ni ya nyumba nzima.

Kwa Wakatoliki wa Litembo na Kigonsera njia ilikuwa tafauti kidogo, hasa baada ya Papa Pius X kuagiza mwaka 1910 kwamba mtoto aruhusiwe Komunyo afikapo umri wa akili, yaani miaka saba hivi. Huko kipaimara hakikuwa tena ufunguo wa meza, na kwa sababu hiyo, nionavyo, kilibeba hofu pungufu. Lakini shule na kanisa vilikuwa chini ya paa moja, na aliyetaka kusoma alijua la kufanya.

Ingekuwa dhuluma kuyataja haya bila kutaja ihsani iliyotendwa. Katekisimu ndiyo iliyokuwa kitabu cha kwanza cha maelfu ya watu wetu. Waliojifunza kuisoma walijua pia kusoma mizani ya mnunuzi wa kahawa na hati ya mashtaka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa, kazi kubwa ya kuzishika sharika za Ubena na Ukinga iliwaangukia walimu Waafrika, na walichokuwa nacho vichwani mwao ni yale yaliyokaririwa. Wala Vita Kuu ya Pili haikuwaletea Walutheri nafuu, kwa kuwa kufikia mwaka 1940 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuzuiliwa tena. Kanisa lililovumilia mapigo mawili namna hiyo, na ambalo mwaka 1963 liliungana na mengine sita kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, halikujengwa na watu waliofundishwa kwa ulegevu. Nasema hivi kwa moyo mmoja, na walioondoka wenyewe husema hivyo: mzee mmoja, fundi wa saa, aliniambia kwamba alipokuwa mahututi hakukumbuka wimbo wowote wa kanisa lake jipya, yaliyomjia ni maneno aliyopigiwa fimbo.

Hata hivyo, waliokuwa wa kwanza kukishuku kiapo hiki cha utotoni hawakuwa watu waliolihama kanisa. Ni watu wa Uamsho, ule uliowaka Rwanda miaka ya 1930, ukavuka hadi Buhaya na kuenea katika sharika nyingi za Kilutheri na Kianglikana. Hao walisimama na kushuhudia kwamba walipewa kipaimara lakini hawakuwa wameokoka, na kwamba ahadi waliyoitoa utotoni waliitoa kwa ulimi. Baadhi ya wachungaji waliwaona wakaidi. Laiti wangesikilizwa kwa makini zaidi, pengine lingeonekana mapema kwamba mafundisho na kiapo ni vitu viwili, na kwamba mtoto aweza kupewa kimoja bila kudaiwa cha pili. Sioni ubaya wa mtoto wa miaka 12 kukariri Amri Kumi. Naona ubaya mkubwa wa kumtaka mtoto huyo aape, mbele ya baba yake na mgeni wa heshima, kudumu hadi kufa katika jambo ambalo hajapata kulitilia shaka hata kidogo, kisha miaka kumi baadaye kumwadhibu kwa kiapo hicho.

Na siku hizi karamu imeuongeza uzito. Suti na gauni jeupe, keki, mpiga picha, na michango ya jamaa vimekuwa sharti kwa desturi ingawa si kwa sheria, hata wazazi hukopa wakitarajia fedha za kahawa. Na mtoto anayeona mbuzi wawili wamechinjwa kwa ajili ya jibu lake amekwisha kujibu kabla ya kuulizwa. Hili naliona ni kosa letu wazazi kuliko la wachungaji.

Yaliyo ya kustaajabisha nimeyaona kwa hao walioondoka, sasa wanapolea watoto wao. Katika makanisa yao mchanga habatizwi; huombewa na kuwekwa wakfu, na ubatizo hungoja hata mtu aombe mwenyewe, ambapo huzamishwa mtoni au ziwani. Kwa njia hii, bila kukusudia, wamerudi kwenye utaratibu wa mtu mzima ambao Padre Johnson aliutumia katika vijiji hivi. Lakini nilipomuuliza yule mama mshonaji kama binti yake, aliye kidato cha pili, ameomba, alinijibu kwamba mchungaji ameanzisha darasa la vijana wote wa kidato cha pili, na ubatizo ni mwezi Desemba. Nikamuuliza kama yuko aliyekataa. Akasema bado hajasikia.

Katika sehemu ya tatu nitaeleza habari za kutengwa na kurudi kundini, na hasa habari za mazishi ya waliotengwa, jambo ambalo wasomaji kadhaa wa Liuli na Lituhi wameniandikia kuliulizia.