Jani Linaoza, Sashe Haiozi

Ndugu msomaji, fanya jaribio hili dogo. Chimba mashimo mawili nyuma ya nyumba yako. Katika shimo la kwanza fukia jani la mgomba. Katika la pili fukia sashe ya plastiki. Ngoja mpaka mvua za msimu mmoja zipite, kisha fukua. Utaona nini? Jani limegeuka kuwa udongo mweusi. Lakini sashe ingali sashe, hata maandishi yake unaweza kuyasoma.

Kwa nini? Ndani ya udongo mna wadudu wadogo sana ambao macho hayawaoni. Kazi yao ni kula vitu vilivyokufa na kuvirudisha udongoni. Jani, kamba ya mgomba, kitunga, kijiti, hivyo vyote wanavila. Plastiki inatengenezwa kwa mafuta ya petroli, nao hawaiwezi. Inakatika vipande vidogo vidogo, lakini haiishi.

Labda utasema, “Mganga, hiyo ni habari ya shamba. Sisi tumekuja kusikia habari ya magonjwa.” Sikiliza basi.

Mama mmoja mjane alifuga mbuzi. Alimtunza kwa ajili ya siku ya binti yake kujifungua, amwuze na kulipa hospitali. Siku moja mbuzi akavimba tumbo, akaacha kula, akafa. Walipompasua waliona tumboni fundo la masashe, kubwa kama kichwa cha mtoto. Uchungu ulipomshika binti, walikaa siku mbili nyumbani wakitafuta franka. Alipofika kwetu alikuwa amechelewa. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Nami nikajiuliza moyoni: mbuzi yule alikuwa akila wapi? Nilijua. Alikuwa akila nyuma ya ua wetu, pale tulipotupa masashe ya chakula cha wagonjwa, na yangu mwenyewe pamoja nayo. Kila asubuhi nilifundisha usafi mbele ya mlango. Nyuma ya ua sikutazama.

Tena kuna madhara mengine. Mama wengi wanawasha mbabula kwa sashe, kwa kuwa inashika moto upesi. Moshi wake una sumu, na mtoto aliye mgongoni anauvuta. Masashe yakiziba mfereji, maji yanasimama, na mbu wanazaa humo. Huko Bukavu mvua inashusha chupa na masashe toka milimani mpaka ziwa Kivu. Yanaelea hadi mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme.

Serikali yetu ilikataza mifuko ya plastiki kwa amri ya mwaka 2017. Jirani zetu wa Rwanda waliikataza mwaka 2008. Lakini amri haiingii jikoni kama wenye nyumba hawaifungulii mlango.

Basi, ufanye nini?

1. Ukienda sokoni, chukua kitunga chako. Omba nyama na samaki vifungwe kwa majani safi.

2. Usitie bugali ya moto ndani ya sashe. Osha jani la mgomba, lipitishe juu ya moto lilegee, kisha funga chakula.

3. Washa mbabula kwa nyasi kavu, magunzi ya mahindi au vijiti.

4. Sugua masufuria kwa majivu na dodoki.

5. Fua kwa sabuni ya mawese. Maji yake yamwage shambani, mbali na chemchemi na mto.

6. Maganda na majani yatie katika shimo la mbolea. Plastiki isiingie humo, wala chooni.

Lakini angalia! Si kila plastiki ni adui. Bidoni safi yenye kifuniko inalinda maji ya kunywa. Sindano ya plastiki inatumika mara moja tu, haichemshwi na kurudiwa. Wala si kila kitu cha shambani ni dawa. Usiweke majivu, majani wala mavi ya ng'ombe juu ya kitovu cha mtoto mchanga. Pepopunda huingia kwa njia hiyo.

Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 23, Waisraeli waliagizwa kufukia uchafu wao nje ya kambi. Wao walifukia kilichooza. Sisi tunacho pia kisichooza, na njia bora ni kutokileta nyumbani.

Mjane yule amepata mbuzi mwingine, naye anamfunga kamba. Sisi tumesafisha nyuma ya ua. Nawe, ndugu, utakapokuja kumtazama mgonjwa wako, mletee chakula katika kitunga, kimefungwa kwa jani.