Ndege kuchelewa si mkosi

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, msimu wa Hija unapowadia, viwanja vya ndege hujaa wasafiri na wanaowasindikiza. Likitoka tangazo kwamba ndege itachelewa, nyoyo huchafuka. Mama mzee amekwishachoka, ndugu wamekodi gari kutoka mbali, na wahudumu hutupiwa maneno yasiyofaa. Lakini je, tumewahi kujiuliza kwa nini ndege huzuiwa?

Ndege ya abiria ni biashara. Huingiza fedha inaporuka, si inapoegeshwa. Ndiyo maana aghalabu ndege moja hupangiwa safari kadhaa kwa siku, na ikichelewa asubuhi, abiria wa jioni nao huathirika. Pamoja na pupa hiyo, sheria imeweka vizuizi. Kabla ya safari rubani huizunguka ndege akiikagua, na kasoro iliyoandikwa daftarini haifutiki ila kwa saini ya fundi mwenye leseni. Hata magurudumu yana sharti lake: hujazwa naitrojeni, gesi isiyochochea moto, kwa kipimo maalumu.

Tarehe 11 Julai 1991, ndege aina ya DC-8 iliondoka Jeddah ikiwarudisha mahujaji Sokoto, Nigeria. Ilikuwa ya kampuni ya Nationair ya Kanada, ikisafiri kwa niaba ya Nigeria Airways. Uchunguzi ulibaini kuwa siku chache kabla, mafundi walijua baadhi ya magurudumu yamepungua upepo. Naitrojeni haikupatikana kwa urahisi, na msimamizi hakutaka ndege icheleweshwe. Ikaachiwa iende hivyo hivyo. Ilipokuwa ikikimbia ili iruke, gurudumu moja lilishindwa, mzigo ukalielemea la jirani, nalo likaharibika. Msuguano ukazaa moto. Marubani, pasi na kujua, wakayakunja magurudumu, na moto ukaingia nayo tumboni mwa ndege. Walijaribu kurejea Jeddah, lakini ndege ikaanguka karibu na uwanja. Watu wote 261 walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Upepo wa gurudumu ndiyo kamba ya ngamia wa zama hizi. Fundi anayeficha kasoro amehini amana hata kama ndege itafika salama, na mkubwa anayemshurutisha ni mshirika wake katika dhambi hiyo.

Nasi abiria tuna wajibu wetu. Ni haki yetu kuulizia sababu ya kuchelewa, na kudai huduma tunazostahiki kwa masharti ya tiketi. Si haki yetu kushinikiza iruke ndege ambayo fundi hajairidhia. Mzee akichoka, tumtafutie kiti, tumpe maji, tumliwaze. Saa za kungoja zina mwisho wake. Roho iliyokwenda hairudi.

Wabillahi tawfiq.