Majivu ya Kiwandani: Pimeni Kabla ya Kununua Mashine



Mnakumbuka Bwana Yesu alipowalisha watu elfu tano. Wote waliposhiba hakusema twende zetu. Aliwaambia wanafunzi wakusanye mabaki yasipotee, na vikapu 12 vikajaa. Basi katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya mabaki ya hapa kwetu, hasa majivu ya boila za viwanda vya majani chai, na kidogo juu ya vumbi la machimbo ya mawe. Vikundi vingi vinatuuliza: je, hii taka inaweza kuwa mali? Jibu letu ni ndiyo, lakini si kwa kila mtu wala si kwa kila kazi. Pesa za merigoraundi ni jasho la akina mama. Zisitupwe kwenye mashine kabla hatujajua tunachotaka kutia ndani ya hiyo mashine.

MAJIVU HAYA YANATOKA WAPI?

Majani mabichi tunayopeleka kituoni hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Huo moto, iwe ni Momul, Litein, Mogogosiek au Kapkoros, hutoka kwenye boila inayochemsha maji kuwa mvuke, na boila zetu nyingi hula kuni za mikaratusi. Tani 100 za kuni kavu huacha majivu yapata tani moja hivi. Zikiwa na maganda mengi au mchanga, huzidi. Kwa mwaka mzima hayo ni magari mengi.

Majivu yakirundikwa nje, mvua huyalowesha na maji yake makali hushuka mtoni. Mito yetu ya Kipsonoi, Itare na Chemosit ndiyo inayokunywesha ng'ombe na watoto kabla ya kufika Sondu na Ziwa Viktoria. Kwa hiyo kuyatumia vizuri ni kulinda maji pia.

YANA NINI NDANI?

Mti ukiungua, nitrojeni huenda na moshi. Kinachobaki ni madini ambayo mti ulivuta kutoka ardhini: kalisi kwa wingi, potasiamu, magnesi na fosforasi kidogo. Kwa hiyo majivu si mbolea kamili. Yanafanana zaidi na chokaa ya shambani, yaani yanapunguza uchachu wa udongo.

Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo cha pH. Nambari 7 ni katikati. Ukishuka chini yake udongo ni mchachu. Udongo wetu mwekundu wa Kericho na Bomet una uchachu mwingi kwa sababu mvua huosha kalisi mwaka hadi mwaka, na mbolea tunazotia huongeza uchachu huo. Udongo ukichacha sana, alumini iliyo ndani yake huumiza mizizi ya mahindi na maharagwe, na fosforasi ya mbolea tuliyonunua kwa bei kali hufungwa isifikie mmea. Mkulima anasema, "Nimetia mbolea lakini mahindi bado ni ya zambarau na mafupi." Huenda shida si mbolea. Huenda ni uchachu.

WAPI YATUMIKE, WAPI YASITUMIKE

Hapa tafadhali msomeane kwa sauti, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

1. Msitie majivu kwenye chai. Mchai hupenda udongo mchachu, pH ya kama 4.5 mpaka 5.6. Ukipandisha pH, unaharibu shamba linalokupa bonasi. Kutoka kiwanda cha chai haina maana yanafaa mchai.

2. Yanafaa mahindi, maharagwe, sukuma wiki na nepia kwenye shamba ambalo limepimwa na kuonekana ni chachu.

3. Msiyachanganye na DAP, CAN wala samadi mbichi. Majivu yakikutana na amonia huifukuza iende hewani. Utasikia harufu kali puani. Hiyo ni pesa yako inaruka. Tandazeni majivu, mchanganye na udongo, halafu ngojeni wiki mbili au tatu ndipo mpande na mbolea.

4. Mkataeni mtu anayewaletea majivu ya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, mbao za rangi au plastiki. Dawa ya nguzo mara nyingi ina aseniki, ambayo ni sumu, na moto hauimalizi. Ulizeni kiwanda kinachoma nini.

5. Majivu mabichi ya boila hubeba kaa la moto ndani kwa siku kadhaa. Gunia limewahi kuwaka likiwa ghalani kwa watu wengi. Yaacheni yapoe kabisa kwenye pipa la chuma au juu ya simiti. Vaeni viatu, glavu na kitambaa puani, kwa kuwa vumbi lake huchoma macho na kifua.

HESABU YA GARI MOJA

Sasa hebu tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Tieni za sokoni kwenu.

Tuseme kiwanda kinatoa majivu bure, na pikapu inatoza shilingi 3,000 kuleta tani moja. Chokaa ya shambani tuseme ni shilingi 500 gunia la kilo 50. Majivu mazuri makavu ya kuni yana kama nusu ya nguvu ya chokaa. Basi tani moja ya majivu ni sawa na kilo 500 za chokaa, yaani magunia 10, shilingi 5,000. Mmeokoa shilingi 2,000. Haleluya.

Lakini ngojeni. Majivu mengi yamemwagiwa maji ili moto uzime. Ikiwa theluthi moja ya gari ni maji, mmebeba kilo 667 tu za majivu, zenye nguvu ya kilo 333 za chokaa. Hiyo ni shilingi 3,330 hivi. Faida imekwisha. Na kama tena yamechanganyika na mchanga hata nguvu yake ikawa robo badala ya nusu, mmepata chokaa ya shilingi 1,670 kwa nauli ya shilingi 3,000. Mmelipa ili mpate hasara!

Gari ni lile lile na rangi ya majivu ni ile ile. Tofauti yote iko katika kupima. Maji mnaweza kupima wenyewe: chukueni kilo moja, mkaushe juu ya bati jikoni hadi yasipungue tena, kisha mpime upya kwenye mizani ya duka. Nguvu ya chokaa hupimwa maabara. Ni gharama ya mara moja, na ni ndogo kuliko nauli ya magari matano ya hasara.

Baada ya maabara, jaribuni shambani. Kateni vipande vitatu vya mita 10 kwa 10: kimoja bila kitu, kimoja kilo 10 za majivu makavu, kimoja kilo 5 za chokaa. Pandeni maharagwe ya mbegu moja, siku moja, kwa mbolea ile ile. Siku ya kuvuna pimeni debe kwa debe. Hakuna mtu atakayewadanganya tena, kwa sababu mmeona wenyewe.

NA BRIKETI JE?

Ndani ya majivu ya boila kuna vipande vyeusi ambavyo havikuungua. Vikichekechwa kwa wavu, vinaweza kusagwa, kuchanganywa na uji wa muhogo, kubumbwa na kukaushwa viwe makaa ya jikoni. Hapa ndipo wauzaji wa mashine hutufuata. Kabla ya kuweka sahihi, bumbeni briketi 20 kwa mkono. Chomeni kilo moja jikoni mpaka ikwishe, mpime kilichobaki. Kikibaki gramu 400 za majivu, mama atakayenunua leo hatarudi kesho, hata mashine ikiwa mpya namna gani. Na kumbukeni, makaa ya aina yoyote yakiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa huua kwa hewa isiyo na harufu.

TUJIFUNZE KWA WENGINE

Huko Bamburi, karibu na Mombasa, kuchimba mawe ya kutengeneza saruji kuliacha uwanda mtupu usio na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na ni 3 tu zilizoshika, mvinje ukiwa mmojawapo. Baadaye wakaletwa jongoo, wakala majani makavu ya mvinje na kuyageuza udongo. Leo pale ni msitu na wageni hulipa kuingia. Angaliamini aina moja tu na kuijaza kila mahali, huenda angalichagua mojawapo ya zile 23 zilizokufa.

Mfano wa pili ni Mumias. Mwaka 2009 kiwanda cha sukari kilianza kutumia makapi ya miwa kuzalisha megawati 38 za umeme, na sehemu kubwa ikauzwa kwa gridi ya taifa. Mitambo ilifanya kazi. Lakini miwa ilipopungua na kiwanda kikaelemewa na madeni, umeme nao ukazimika, na mwaka 2019 benki ikaweka msimamizi. Funzo kwetu: taka ni mtoto wa kazi nyingine. Hiyo kazi ikilala, na ninyi mtalala. Ulizeni kiwanda kitaendelea kuchoma kuni kwa miaka mingapi.

Hata vumbi la mashine za kokoto hufuata kanuni hiyo hiyo. Linaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga wa mtoni katika matofali ya saruji. Lakini tieni kwanza vumbi kidogo katika chupa ya maji, mtikise, mwache litulie. Kukiwa na tabaka nene la tope juu, tofali litakuwa dhaifu. Kisha fyatueni matofali machache, myaloweshe kwa siku 7, myangoje siku 28, ndipo myapeleke yakapimwe nguvu kabla ya kujenga darasa la watoto.

MHANDISI MSHAURI NI NANI?

Ni mtu anayeuza maarifa, si mashine. Anayekushauri na papo hapo anakuuzia mashine, huyo ni mchuuzi, hata akiwa na tai. Mshauri wa kweli anajibu maswali manne: Kitu hiki ni nini hasa? Kinapatikana kiasi gani kila mwezi? Nani atanunua, na kwa bei gani? Kitamdhuru nani, na sheria inasema nini?

Anza na walio karibu. Afisa wa kilimo wa wadi atawaonyesha namna ya kuchukua udongo wa kupima. Watafiti wa chai wa KALRO wako hapa Kericho. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko mlangoni petu. KIRDI ni taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda. Mambo yakiwa makubwa, tafuteni mhandisi aliyeandikishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya chini ya sheria ya 2011. Mwombeni nambari yake na mwiulize bodi. Juu ya kubeba na kuhifadhi taka, ulizeni NEMA kabla ya gari la kwanza, maana tangu 2022 kuna sheria maalumu ya usimamizi wa taka.

Katika mapatano andikeni haya: swali mnalotaka lijibiwe, siku ya kumaliza, malipo kwa awamu, na ya mwisho baada ya ripoti, na kwamba ripoti itasomwa mbele ya wanachama wote kwa Kiswahili au Kipsigis. Msimwachie mwenyekiti peke yake. Mshauri akisema "hapana, msifanye," mlipeni kwa furaha. Amewaokolea pesa zaidi kuliko yule aliyesema "ndiyo" kwa haraka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni mabaki gani yanatupwa karibu nasi, na nani mwenyewe?
2. Udongo wa mahindi wetu umepimwa lini mara ya mwisho?
3. Tukipoteza pesa hizi zote, ni nani kati yetu atakayeumia zaidi? Je, ameulizwa?
4. Ni jaribio gani dogo tunaloweza kuanza msimu huu bila mkopo?

Bwana aliyekusanya vikapu 12 ndiye pia aliyesema kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Tuyashike yote mawili. Tukusanye, na tuhesabu. Kikundi kitakachofanya jaribio la vipande vitatu, tuandikieni matokeo, yawe mazuri au mabaya, tuyachapishe wengine wajifunze.