Kabla ya Kuchimba Kisima, Tuyajue Maji Yake

Katika maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru, na kuendelea hadi Manyara, Singida na Shinyanga, maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu, ya baridi, yasiyo na kimelea hata kimoja, na bado yakamdhuru mtoto anayeyanywa. Kinachodhuru ni floridi, madini yasiyo na rangi, harufu wala ladha. Kuyachemsha maji hakuiondoi; maji yanapopungua kwa mvuke, floridi inayobaki hukolea zaidi. Dawa ya klorini huua vijidudu lakini haiigusi floridi. Njia zote tulizozoea za kuyapima maji nyumbani, yaani jicho, ulimi na jiko, hapa hazina msaada. Ndiyo maana nasema kwamba katika ukanda wa Bonde la Ufa, mradi wa maji unapaswa kuanzia maabara, na majibu ya maabara yawe na nguvu ya kuamua kisima kichimbwe wapi na kitumike kwa kazi gani.

Chanzo cha tatizo ni miamba yenyewe. Volkeno za kaskazini mwa Tanzania zilimwaga lava na majivu yenye floridi nyingi, na mvua inayopenya ardhini huiyeyusha kidogokidogo. Kwingineko, kalsiamu iliyomo majini huungana na floridi ikaganda na kutuama. Huku kwetu miamba hiyohiyo hutoa magadi kwa wingi. Magadi huifanya kalsiamu igande kwanza kama chokaa, na floridi ikabaki huru majini. Katika baadhi ya Maziwa ya Momela, karibu na Mlima Meru, floridi imefikia mamia ya miligramu kwa lita. Hata magadi yanayolainisha makande na maharage yanaweza kuiongeza chunguni. Kwa kuwa kila mkondo wa chini ya ardhi hupita kwenye miamba yake na kukaa huko kwa muda wake, visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana sana, na kuchimba kwa kina zaidi si dhamana ya usalama. Ramani ya jumla ya mkoa haiwezi kumwambia mwanakijiji kilichomo kwenye ndoo yake.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kiasi kidogo huimarisha meno, ndiyo sababu floridi hutiwa kwenye dawa za meno. Kikizidi, huvuruga meno ya mtoto yanapoundwa ndani ya ufizi, hasa katika miaka minane ya kwanza. Meno hayo huota na madoa meupe au ya kahawia, na yaliyoathirika sana hubonyea na kumeguka. Floridi ikizidi zaidi kwa miaka mingi, viungo hukakamaa, na watoto wengine hupinda miguu. Dosari ya jino lililokwisha kuumbika haifutiki, hata mtu akihamia kwenye maji mema.

Wapo wanaosema kwamba penye uhaba, maji yoyote ni heri kuliko kukosa. Hoja hii ina uzito, kwa sababu kipindupindu kinaweza kuua mtu ndani ya saa chache. Kwa mantiki hiyo, katika miaka ya 1970 Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, baadaye ikashusha hadi 4, na sasa inafuata 1.5. Lakini Bangladesh inatuonyesha gharama ya kupima baadaye. Huko visima vingi vilichimbwa ili kuwaokoa watoto na magonjwa ya kuhara, pasipo kupima aseniki. Sumu hiyo ilipogunduliwa mwaka 1993, mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuinywa, na visima vikalazimika kupimwa kimoja kimoja na kupakwa rangi, nyekundu kwa hatari na kijani kwa salama. Ukilinganisha na gharama za kuchimba kisima kirefu, kipimo cha floridi ni fedha ndogo mno.

Wengine wataweka tumaini kwenye kuchuja. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya maana ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na njia ya Nalgonda kutoka India hutumia shabu na chokaa. Njia hizi zinafanya kazi, ila mkaa huchoka bila kutoa dalili yoyote, na shabu hutiwa kulingana na floridi iliyomo. Bila kupima, mama hawezi kujua ni lini kichujio chake kilikoma kumlinda. Kichujio kinahitaji kipimo kama kisima kinavyokihitaji.

Itaulizwa: je, kama majibu ni mabaya na chanzo kingine hakipo? Hapo ndipo takwimu zinapofaa zaidi. Maji ya kunywa na kupikia ni lita chache tu kwa mtu kwa siku, na yaliyobaki hutumika kufulia, kuogea na kusafishia. Maji ya mvua takriban hayana floridi, kwa hiyo tanki la shule linaweza kutengwa kwa ajili ya kunywa na kupikia. Maji ya visima viwili yanaweza pia kuchanganywa hadi yafike chini ya kikomo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalowezekana kwa kubahatisha.

Bodi za maji za mabonde na RUWASA, wakala wa maji vijijini, zina nafasi ya kulifanya hili kuwa utaratibu: kupima kabla ya kuchimba pale penye visima au chemchemi za jirani, kupima tena kabla ya kufunga pampu, kurudia masika na kiangazi, na kubandika majibu kwenye kituo cha kuchotea kwa Kiswahili kinachosomeka. Kijiji kinachokabidhiwa kisima kina haki ya kukabidhiwa pia majibu yake ya maabara, na bila majibu hayo mradi usihesabiwe kuwa umekamilika.