Usibonyeze 'Lipa' mara ya pili: Jinsi apu zinavyozungumza, na pale zinapokosa kuelewana

Ni Ijumaa jioni. Umeagiza chapati na maharagwe kupitia apu ya mkahawa mmoja mtaani kwenu. Unabonyeza 'Lipa', dirisha la M-Pesa linatokea kwenye simu, unaweka PIN. Punde ujumbe unaingia: pesa imetoka. Lakini apu yenyewe inazunguka tu, kisha inakwambia, "Malipo hayajafaulu, jaribu tena." Sasa ufanyeje? Ukibonyeza tena, huenda ukalipia chakula kimoja mara mbili. Usipobonyeza, utalala njaa.

Kwa mteja, hiyo ni kero. Lakini kama wewe ndiwe uliyeiunda apu hiyo, jua jina lako ndilo linaloharibika. Mteja akishapoteza mia mbili zake, hatajali umesomea wapi wala umetumia lugha gani ya kompyuta.

Usione vyaelea, vimeundwa. Apu hiyo haifanyi kazi peke yake. Ina sehemu ya menyu, sehemu ya kupokea oda, ya malipo, na ya kumwita mtu wa bodaboda. Tena baadhi ya sehemu hizo si zake. Malipo yanashughulikiwa na Safaricom, ramani huenda ni ya kampuni nyingine. Kinachoziunganisha ni huduma za wavuti: programu moja inatuma ombi mtandaoni, nyingine inajibu.

Mlango wa kupitishia maombi hayo ndio API. Fikiria duka la mtaani lenye dirisha la vyuma. Huingii ndani kujichukulia unga. Unasimama dirishani, unasema unachotaka, unatoa pesa, unapewa. Mwenye duka anaweza kupanga upya rafu zake zote usiku na wewe usijue, mradi dirisha liko palepale. Hapo ndipo ulipo utamu wa kuunda mifumo kwa huduma: kila mtu apange nyumba yake atakavyo, ila asihamishe dirisha kiholela.

Kuna mitindo miwili ambayo utakutana nayo sana. Wa kwanza ni SOAP, uliobuniwa mwaka wa 1998. Humo kila ujumbe huandikwa kwa XML na kutiwa kwenye bahasha yenye kanuni kali, kama barua rasmi ya kuomba kazi. Ni mzito, lakini umenyooka, na bado utaupata kwenye mifumo ya benki na mashirika makubwa.

Wa pili ni REST, ambao Roy Fielding aliueleza katika tasnifu yake ya uzamifu mwaka wa 2000 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Hapa kila kitu kina anwani yake, na vitenzi ni vichache: GET kuleta, POST kupeleka, DELETE kufuta. Majibu mara nyingi huja kwa JSON, mwandiko mwepesi ambao hata wewe unaweza kuusoma kwa macho.

Hapa kwetu, M-Pesa ilianza mwaka wa 2007. Mwaka wa 2017 Safaricom ilizindua Daraja, API za mtindo wa REST. Jina lenyewe linajieleza. Unafungua akaunti, unapewa funguo, na unafanya majaribio. Mwanafunzi mwenye kipakatalishi na bando anaweza kuanza leo.

Lakini hapohapo ndipo wengi huteleza. Ukituma ombi la malipo, utapata majibu mawili. La kwanza linakuja papo hapo: "Ombi limepokelewa." Hilo halimaanishi mteja amelipa! Linamaanisha tu kwamba dirisha la PIN liko njiani. La pili linakuja baadaye, kwenye anwani uliyoitoa wewe mwenyewe. Likiwa na nambari 0, pesa imeingia. Likiwa na 1032, mteja ameghairi. Sasa, je, seva yako ikizimika sekunde ileile jibu la pili linapobisha hodi? Pesa imetoka, wewe hujui. Ndiyo Ijumaa yetu ile.

Dawa ipo, na haihitaji ujuzi wa ajabu. Kwanza, hifadhi oda kwenye hifadhidata kabla ya kuomba malipo, kisha iandikie ile nambari ya ombi unayopewa kwenye jibu la kwanza. Pili, jibu likichelewa, usikisie. Daraja ina huduma ya kuulizia hali ya malipo, itumie. Tatu, ujumbe uleule ukifika mara mbili, uhesabu mara moja tu. Nne, kagua kiasi na nambari ya ombi, maana mjanja akiijua anwani yako anaweza kukutumia 'malipo' ya uongo. Na wakati unahakikisha, mwambie mteja ukweli: "Tunakagua malipo yako, tafadhali usilipe tena."

Swali la mwisho: uigawe apu yako katika huduma ndogondogo nyingi, au iwe kitu kimoja? James Lewis na Martin Fowler waliandika makala iliyoueneza sana mtindo huo wa huduma ndogondogo mwaka wa 2014. Faida yake ni kwamba menyu ikikwama, malipo yanaendelea. Hasara ni kwamba kila unapokata kipande, unaongeza mtandao katikati, na mtandao unakatika. Fowler mwenyewe alishauri mwaka wa 2015 kwamba ni afadhali kuanza na programu moja. Mwaka wa 2023, wahandisi wa Prime Video ya Amazon walieleza jinsi walivyounganisha tena vipande vya chombo kimoja cha kukagua ubora wa video, na gharama yake ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Kwa hivyo usiige tembo. Kama ni wewe na rafiki yako tu, jengeni nyumba moja yenye vyumba vilivyotengwa vizuri: malipo chumba chake, oda chumba chake. Siku chumba kimoja kitakapolemewa na wageni, kihamisheni kikawe nyumba ya pekee. Kama dirisha lake lilikuwa safi tangu mwanzo, kuhama hakutawatoa jasho sana.

Na kabla hujamkabidhi mwenye mkahawa apu yake, ijaribu hivi: agiza chapati, weka PIN, halafu zima seva. Iwashe tena. Kama oda bado inajua imelipiwa, basi mkabidhi.