Mtihani wa historia umekwisha, sasa soma historia

Ikiwa nyumbani kwako kuna kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, basi waijua miezi ile ya kungoja chuo. Orodha ya kozi za KUCCPS inajadiliwa sebuleni usiku na mchana, na kila jamaa ana ushauri wake. Mjomba anataka udaktari. Shangazi asema uhasibu haujawahi kumtupa mtu. Na kijana akithubutu kutamka kwamba angependa kusomea historia, nyumba nzima hunyamaza kana kwamba sahani imeanguka.

Hayo ndiyo yaliyompata msichana mmoja wa Eastlands, hapa Nairobi, ambaye nimezungumza naye mara kadhaa. Sitamtaja jina, kwa sababu mjadala baina yake na babake haujaisha. Babake ni fundi wa jua kali na karo ya shule aliilipa kwa jasho. Swali lake ni moja tu: "Mwanangu, hiyo historia itatuletea unga?"

Swali hilo si la kudharauliwa, nasi tutalijibu. Lakini kwanza tuone kilichomfanya binti huyu aipende historia, maana huenda na wewe mwanafunzi ukajiona humo.

Aliyoyajua na asiyoyajua

Kuhusu Mau Mau, alikuwa akijibu maswali ya mtihani bila kusita. Sababu za vita alizihesabu kwa vidole: ardhi iliyonyakuliwa na walowezi, kipande, kodi, mishahara duni, ubaguzi wa rangi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Alama zote zake.

Baada ya mtihani, akiwa hana la kufanya, alimwuliza nyanya yake swali ambalo halikuwa katika kitabu: "Nyanya, wewe siku ile ya Operesheni Anvil ulikuwa wapi?"

Nyanya alikuwa mtoto mdogo mtaani Bahati. Alieleza jinsi askari walivyouzingira mji alfajiri ya Aprili 24, 1954, na jinsi wanaume walivyotolewa nyumbani mmoja mmoja. Amu yake alipakiwa kwenye lori na hatimaye akafikishwa kambi ya Manyani. Kisha nyanya akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema: nduguye amu huyo, tumbo moja, alikuwa Nyeri akibeba bunduki ya Homugadi.

"Sasa, nyanya, nani alikuwa mbaya?" binti akauliza.

"Wote ni wangu," mzee akajibu, akarudi kuchambua mchele wake.

Hilo, ndugu msomaji, halina jibu la alama tano.

Neno moja, maana nyingi

Shuleni mwanafunzi huulizwa, "Taja." Chuoni ataulizwa, "Jadili." Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo huwaangusha wengi katika mwaka wa kwanza.

Chukua neno mapinduzi. Je, Mau Mau ilikuwa mapinduzi? Serikali ya kikoloni iliuita ugaidi. Waliokuwa msituni walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Wako wasomi wanaosema yalikuwa mapambano ya ukombozi, na wako wanaosisitiza kwamba vilikuwa pia vita vya ndugu kwa ndugu, wakitoa mfano wa Lari, Machi 26, 1953, ambapo wanawake na watoto waliuawa usiku, kisha wengine wengi wakauawa kwa kulipiza kisasi.

Mapinduzi ni kupindua, yaani kilicho juu kiwe chini na cha chini kiwe juu. Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963. Je, ardhi nayo? Mashamba mengi ya walowezi yaliuzwa kwa mikopo, na aliyetoka kizuizini mikono mitupu hakuwa na cha kununulia. Tena kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: chama cha Mau Mau, kilichopigwa marufuku na mkoloni mwaka wa 1950, kiliendelea kuwa haramu katika Kenya huru hadi mwaka wa 2003. Karibu miaka 40 baada ya bendera kupandishwa!

Kwa nini? Ukianza kulikuna kichwa swali hilo, umeshaanza masomo ya chuo kabla ya kupokea barua ya kuitwa.

Hata takwimu zina wenyewe

Usidhani tarakimu hazina upande. Hesabu rasmi za mkoloni zilisema wapiganaji zaidi ya 11,000 waliuawa, huku raia wa Kizungu waliouawa wakiwa 32. Mwanahistoria David Anderson alipopitia majalada ya mahakama alikuta kwamba Waafrika 1,090 walinyongwa. Mwenzake, Caroline Elkins, aliandika kitabu mwaka wa 2005 akikadiria kwamba waliokufa ni makumi ya maelfu, pengine hata mamia ya maelfu. Mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, naye alipiga hesabu mwaka wa 2007 akafikia watu 50,000 hivi, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Hao hawakufa kwa risasi. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa vijiji vya lazima, na njaa na maradhi vikafanya kazi yake.

Mwanafunzi mzuri hachagui tarakimu inayomfurahisha. Huuliza: nani alihesabu, alihesabu nini, na nani hakuhesabiwa?

Je, historia huleta unga?

Sasa turudi kwa baba na swali lake. Mwaka wa 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi London wakiishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyopata vizuizini. Wanahistoria waliitwa kutoa ushahidi. Walijua namna nyaraka za serikali zinavyotunzwa, na walijua kwamba kuna majalada yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru. Mwaka wa 2011 ikakubaliwa kwamba majalada hayo yapo, yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park.

Juni 6, 2013, Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wazee 5,228. Fedha hizo hazikulingana na maumivu, lakini zisingepatikana kama hakungekuwa na watu waliojua kusoma karatasi kuukuu na kuuliza kilichokosekana.

Mzazi, ujuzi huo ndio anaoutumia wakili, mwanahabari, balozi, mtunza nyaraka na mwalimu. Si lazima mtoto wako asomee historia. Lakini hata akienda uhandisi, atahitaji kujua ripoti ipi inamdanganya.

Ukingoja chuo, fanya haya

Kwanza, zungumza na wazee. Omba ruhusa, andika tarehe na mahali, usimtie mzee maneno kinywani. Akinyamaza, mwache, kunyamaza nako ni jibu.

Pili, soma vitabu visivyokubaliana. J.M. Kariuki aliandika habari za kizuizini mwaka wa 1963, na Waruhiu Itote, Jenerali China, akaandika yake mwaka wa 1967. Walinganishe, kisha utafute upande wa Homugadi. Mgala muue na haki yake mpe.

Tatu, tumia mji wako. Jumba la Nyaraka za Taifa liko Moi Avenue, nawe hulipita kila siku ukikimbilia matatu. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma, sasa ni yako, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Isimamie sanamu ya Kimathi iliyozinduliwa mwaka wa 2007, kisha nenda Uhuru Park uone mnara wa mwaka wa 2015 uliojengwa kwa fedha za Waingereza. Jiulize kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo.

Nne, andika ukurasa mmoja kila wiki, wako mwenyewe, bila kunakili.

Katika hayo yote, la kwanza ndilo la haraka. Vitabu vitakungoja, wazee hawatangoja. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal msituni, aliaga dunia Septemba 2023. Aliyekuwa na miaka 10 wakati wa Operesheni Anvil leo ni mkongwe wa zaidi ya miaka 80. Huenda Jumapili hii jamaa watakutana kwa chakula. Sahani zikishaondolewa mezani, vuta kiti karibu na nyanya au babu, uulize swali ambalo halikuwa katika mtihani.